Iliad ya Homer: hasira ya Achilles, fidia zilizokataliwa, na mzee aliyekwenda kuomba maiti ya mwanawe

#1 Nahodha Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mjadala wa vita ya Troy humu uliishia kwenye ile filamu ya 2004, watu wakabishania mambo ambayo Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, hakuyasema kabisa. Kwenye filamu Hector, mwana wa mfalme wa Troy, anamuua Menelaus, mume wa Helen. Kwa Homer, Menelaus anamaliza vita mzima, anarudi Sparta na Helen wake, na kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, tunamkuta nyumbani anakaribisha wageni, mke kakaa pembeni na kikapu chake cha nyuzi. Farasi wa mbao hayumo kwenye Iliad. Mshale wa kisigino uliomuua Achilles haumo. Hata kuanguka kwa mji hakumo. Ni vitabu 24, mistari zaidi ya 15,000, na yote inasimulia siku 50 na kitu za mwaka wa 10 wa vita, basi.

Sasa kama mji hauanguki na shujaa mkuu hafi, utenzi unahusu nini? Jibu la darasani ni hasira ya Achilles, na mstari wa kwanza unaitaja waziwazi. Lakini hasira inahitaji kitu cha kuilisha. Mimi naisoma Iliad kama utenzi wa fidia: nani analipa, nani anakataa kupokea, na deni lipi mali haiwezi kulifuta. Nitaonyesha kwa matukio.

Chryses, kuhani wa mungu Apollo, anafika kwenye kambi ya Wagiriki ufukweni. Binti yake Chryseis alitekwa na akagawiwa Agamemnon, mfalme mkuu wa jeshi. Mzee kaja na mali isiyo na kifani, mkononi ana fimbo ya dhahabu yenye tepe za mungu wake. Hatukani, hatishii. Anawaombea Wagiriki waishinde Troy na wafike kwao salama, ila wamrudishie mwanawe na wapokee fidia. Jeshi zima linapaza sauti kukubali. Agamemnon anakataa. Anamwambia nisikukute tena kwenye merikebu zetu, na huyo binti atazeekea kwangu Argos, akifuma nguo na kulala kitandani mwangu. Maneno hayo anaambiwa baba wa mtu, mbele ya kadamnasi.

Mzee anaondoka kimya kando ya bahari, anamlilia Apollo, na tauni inashuka. Nyumbu kwanza, na mbwa, kisha watu. Siku 9. Siku ya 10 Achilles anaitisha baraza, na mtabiri Calchas anatoboa: binti arudishwe, safari hii bila fidia yoyote, tena na kafara ya ng'ombe 100 juu yake. Angekubali mwanzo angeongeza mali. Sasa anatoa bure na kulipia. Agamemnon anasema sawa, lakini mimi sitabaki mikono mitupu peke yangu, nitachukua wa mwenzenu. Anamchukua Briseis, mateka ambaye jeshi lilimgawia Achilles kama tuzo yake.

Achilles anaanza kuchomoa upanga, mungu mke Athena anamshika nywele kwa nyuma, anaurudisha alani. Lakini kabla ya hapo alishasema jambo ambalo wasomaji hulipita haraka: watu wa Troy hawajanikosea, hawajaniibia ng'ombe wala farasi, nimekuja huku kuwadaia heshima yenu wewe na ndugu yako Menelaus. Yaani tangu siku ya kwanza anapigania madai ya mtu mwingine, na huyo mtu ndiye anayemdhulumu.

Mshikeni akilini yule mzee na mali yake. Naendelea baadaye.

#2 Mama Ntilie wa Fasihi

Nimevuta kigoda, endelea mkuu. Ila mimi huyo Achilles simwelewi. Mwanamume mzima, baada ya kunyang'anywa mwanamke anakwenda ufukweni kulia na kumwita mama!

#3 Nahodha Mstaafu

Anamwita kweli, na mama anatokea, maana Thetis ni mungu wa baharini. Kulia kwake hakunisumbui, mashujaa wa Homer wote wanalia. Kinachonisumbua ni anachoomba: mama aende kwa Zeus, mkuu wa miungu, Wagiriki wapigwe hadi merikebuni, ili wajue thamani yake. Anaomba wenzake wafe. Homer halifichi wala halipambi, na dua inakubaliwa. Msomaji anayetafuta mtu mwema wa kumshangilia, utenzi huu utamtesa.

#4 Kijana wa Chuo

Swali dogo mkuu. Agamemnon si alikuja kuomba radhi baadaye, na zawadi za kufa mtu? Kwa nini Achilles alikataa? Kama hoja yako ni fidia, pale fidia ilikuwepo.

#5 Nahodha Mstaafu

Umepagusa penyewe. Hicho ni kitabu cha 9, na kwangu ndicho chenye akili nyingi kuliko vyote.

Wagiriki wamepigwa vibaya, moto wa kambi za Troy unaonekana uwandani usiku. Agamemnon amekata tamaa, anataja malipo yake kimoja kimoja: vyombo 7 vya miguu mitatu ambavyo havijaguswa na moto, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20 ya kung'aa, farasi 12 washindi wa mashindano, wanawake 7 wa Lesbos, na Briseis mwenyewe, pamoja na kiapo kwamba hakumgusa. Mji ukianguka, merikebu ijae dhahabu na shaba, wanawake 20 wa Troy juu yake. Wakirudi nyumbani, achague binti yake mmoja kati ya watatu, aoe bila mahari, na apewe miji 7.

Kisha anamalizia kwa kusema: basi anyenyekee kwangu, maana mimi ni mfalme zaidi yake.

Wanatumwa watu watatu: Odysseus, Ajax, na mzee Phoenix aliyemlea Achilles. Wanamkuta anapiga kinubi na kuimba sifa za watu wa kale. Kinubi chenyewe ni ngawira ya mji wa Eetion. Jina hilo mtalikuta tena. Odysseus anasema yote, orodha nzima bila kusahau sufuria, ila lile neno la mwisho la unyenyekevu analimeza. Na Achilles, kabla hajajibu, anasema anamchukia kama milango ya kuzimu mtu anayeficha moja moyoni na kusema lingine mdomoni. Hakuambiwa kilichofichwa, lakini kakinusa.

Jibu lake ndilo moyo wa utenzi. Hata akinipa mara 10, mara 20 ya alivyo navyo, hata mali yote ya Thebes ya Misri, mji wa milango 100, sikubali. Ng'ombe na kondoo wanatekwa, vyombo vinapatikana, farasi wanapatikana, lakini uhai wa mtu ukishavuka ua wa meno haurudi. Na anaongeza kuhusu Agamemnon: pamoja na ujeuri wake wote, hathubutu kunitazama usoni.

Hapo ndipo kosa lilipo kwa maoni yangu. Agamemnon alituma mali, alituma wazee, yeye mwenyewe akabaki hemani. Kwetu pia kutuma wazee ni adabu, najua mtaniambia. Lakini wazee wanakwenda kufungua mlango ili mkosaji aingie. Hapa hakuna aliyeingia.

Angalieni na jinsi Achilles anavyolegea kidogo kidogo. Odysseus na ufasaha wake wote anajibiwa: kesho naondoka. Phoenix anayelia anajibiwa: kesho tutaamua. Ajax, ambaye si msemaji, anasema maneno machache tu: watu hupokea dia hata kwa ndugu aliyeuawa au mtoto, muuaji analipa, anabaki katika nchi yake, na mfiwa anatuliza moyo, wewe umekazana kwa ajili ya msichana mmoja! Achilles anamwambia umesema kama ulivyo moyo wangu, lakini nikimkumbuka yule mtu, nyongo inanipanda. Na haondoki. Atapigana Hector akifika kwenye merikebu zake.

#6 Jembe la Kale

Mleta uzi unamtetea mno Achilles. Agamemnon ni amiri wa jeshi. Jeshi lisilo na mkubwa ni kundi la wezi. Na Homer mwenyewe anatuonyesha Thersites kwenye kitabu cha 2, askari wa kawaida anayemtukana mfalme, akatandikwa fimbo na Odysseus na watu wote wakacheka.

#7 Nahodha Mstaafu

Wakacheka, ndiyo. Lakini soma Thersites anasema nini: mfalme amejaa shaba na wanawake, bado anataka zaidi, na amemvunjia heshima mtu aliye bora kuliko yeye. Ni hoja ileile ya Achilles ya kitabu cha 1. Akiisema mwana wa mungu wa bahari, jeshi linanyamaza. Akiisema mwenye matege na kibiongo, anapigwa hadi alie. Homer aliwekaje matukio hayo karibu hivyo bila kujua anachofanya?

Naendelea na fidia za vitani, maana huko ndiko ushahidi uliko.

Kitabu cha 6, Adrestus wa Troy anaanguka garini, anamshika Menelaus magoti: niache hai, baba yangu ana shaba, dhahabu na chuma, atakulipa. Menelaus anakubali, anataka kumkabidhi msaidizi wake apelekwe merikebuni. Agamemnon anakuja mbio: unawahurumia hawa? Asibaki hata mmoja, hata mtoto wa kiume aliye tumboni mwa mama yake. Adrestus anachomwa mkuki. Kitabu cha 10, Dolon mpelelezi anaomba hivyohivyo, anakatwa shingo akiwa katikati ya ombi. Kitabu cha 11, ndugu wawili wa nyumba ya Antimachus wanamwomba Agamemnon. Bahati mbaya yao wanamtaja baba yao, na huyo baba ndiye aliyepokea dhahabu ya Paris, ndugu yake Hector aliyeondoka na Helen kutoka Sparta, ili Helen asirudishwe. Wanauawa wote.

Na hata chanzo cha vita kina fidia yake. Kitabu cha 7 Paris anakubali kurudisha mali yote aliyokwenda nayo kutoka Sparta na kuongeza ya kwake, ila Helen hamtoi. Diomedes anawaambia Wagiriki msipokee, hata Helen mwenyewe akiletwa. Wanashangilia.

Ukihesabu, katika utenzi mzima hakuna hata mmoja anayeomba kukombolewa katikati ya mapigano akaachwa aende zake. Lakini zamani iliwezekana! Homer anaturudishia habari hiyo kila mara kwa njia ya pembeni. Mama yake Andromache, mke wa Hector, alitekwa na Achilles na akaachiwa kwa fidia. Baba yake Andromache ndiye Eetion, yule mwenye kinubi. Achilles alimuua, ila hakumvua silaha, alimteketeza pamoja nazo kwa heshima na kumjengea kaburi. Andromache mwenyewe anamsimulia Hector hayo pale ukutani, kabla ya mtoto wao kuiogopa ile chapeo yenye manyoya na wazazi kucheka. Huyu Achilles wa zamani tunamsikia tu kutoka kwa waliofiwa kwa mkono wake.

Halafu kuna Lycaon, mtoto wa Priam, mfalme wa Troy. Achilles aliwahi kumteka usiku shambani kwa baba yake, akamuuza Lemnos kwa thamani ya ng'ombe 100. Akakombolewa kwa mara 3 ya hiyo, akafika nyumbani, akakaa na rafiki zake siku 11. Siku ya 12 anakutana tena na Achilles, mtoni, bila silaha. Anashika goti kwa mkono mmoja na mkuki wa Achilles kwa mkono wa pili. Achilles, ambaye rafiki yake Patroclus ameshauawa na Hector, anamwambia: kabla Patroclus hajafa nilipenda kuwaacha hai, wengi niliwateka na kuwauza. Sasa hapana. Kufa, rafiki yangu, unalilia nini? Patroclus kafa, naye alikuwa bora kuliko wewe. Na mimi pia siku yangu inakuja, asubuhi au jioni au adhuhuri.

Anamwita rafiki, kisha anamchinja. Sijui mahali pengine palipoandikwa ukatili na upole katika sentensi moja hivyo.

Lycaon kaliwa na samaki mtoni, lakini bei yake bado ipo. Kitabu cha 23, kwenye michezo ya mazishi ya Patroclus, Achilles anatoa tuzo ya mbio za miguu: bakuli kubwa la fedha, kazi ya mafundi wa Sidon. Homer anasema lilitokea wapi. Ndilo lililotolewa kumnunua Lycaon. Hatoi maoni. Odysseus anashinda, analichukua.

#8 Bi Shungi

Nimesoma kimya mpaka hapa lakini lazima niulize. Mnahesabu bei za wana wa wafalme, na wanawake? Kwenye michezo hiyohiyo ya kitabu cha 23, mieleka, mshindi anapewa chombo cha miguu mitatu chenye thamani ya ng'ombe 12. Anayeshindwa anapewa mwanamke mjuzi wa kazi nyingi, thamani yake ng'ombe 4. Chungu kinamzidi mwanadamu mara 3! Halafu mnaniambia Achilles kaonewa kwa kunyang'anywa Briseis. Briseis yeye kaonewa na nani?

#9 Nahodha Mstaafu

Bi Shungi, shikamoo. Na Achilles, ndilo jibu, na Homer anajua. Briseis anazungumza mara moja tu katika utenzi wote, kitabu cha 19, akiwa juu ya maiti ya Patroclus. Anasema alimwona mumewe akikatwakatwa mbele ya mji wao, na kaka zake watatu, siku moja. Patroclus alimkataza kulia, akamwahidi kuwa atamfanya mke halali wa Achilles, nao watamfanyia karamu ya harusi kwa Wamyrmidon, watu wa Achilles. Ndiyo maana nakulilia bila kukoma, ulikuwa mpole siku zote. Na wale wanawake mateka wengine wanalia pamoja naye, Homer anasema, kisingizio ni Patroclus, lakini kila mmoja analia yake.

Huo mstari wa mwisho aliyeutunga aliwahi kukaa msibani na akili yake ikiwa macho.

#10 Bi Shungi

Marahaba. Nimekubali nusu. Kisingizio ni Patroclus, hiyo ni kweli tupu. Lakini bado hakuna anayeuliza wanalia nini.

#11 Nahodha Mstaafu

Hakuna. Tusonge.

Patroclus anakufa kitabu cha 16, akiwa amevaa silaha za Achilles. Apollo anampiga mgongoni, Euphorbus anamchoma, Hector anamalizia. Hapo Agamemnon hatimaye analeta zawadi zake zote barazani, na kosa lote analitupia Zeus na mungu mke wa upumbavu. Achilles anamwambia: ukitaka toa, usipotaka kaa nazo, twende vitani. Zile talanta 10 zilizotikisa kambi nzima sasa hazina mtu wa kuzitazama. Kaulize mfiwa yeyote hela za rambirambi zina ladha gani.

Kabla ya kuingia vitani, Hephaestus, mungu mhunzi, anamtengenezea ngao mpya. Kwenye ngao kuna mji wenye amani: harusi, ngoma, na sokoni watu wamejazana kwenye kesi. Watu wawili wanagombania dia ya mtu aliyeuawa. Mmoja anasema nimetoa yote, mwingine anakataa kupokea chochote. Wazee wamekaa kwenye mawe yaliyosuguliwa, katikati kuna talanta 2 za dhahabu za atakayetoa hukumu iliyonyooka. Homer hatuambii hukumu ilikwendaje. Na ngao hiyo anaivaa mtu ambaye kwa vitabu vingi vilivyotangulia hataki kupokea chochote.

Kitabu cha 22. Hector yuko nje ya ukuta peke yake. Anapendekeza mapatano: atakayeshinda arudishe maiti ya mwenzake. Achilles anajibu hakuna mkataba kati ya simba na watu. Hector, koo limetobolewa, anaomba tena: baba na mama yangu watakupa shaba na dhahabu, nirudishe kwetu. Jibu: natamani moyo unipe nguvu nikule mbichi. Hata wakileta mara 10, mara 20 ya fidia, hata Priam akikupima kwa dhahabu.

Mara 10, mara 20. Ndiyo hesabu aliyomkatalia Agamemnon kitabu cha 9. Mtu huyu anakataa mali kwa maneno yaleyale, kwanza kwa sababu ya heshima yake, halafu kwa sababu ya rafiki yake.

#12 Kijana wa Chuo

Na kitabu cha 24 anapokea. Kwa hiyo kashawishiwa na kiasi gani?

#13 Nahodha Mstaafu

Mali ya Priam, mkitaka hesabu: majoho 12, mashuka 12, mablanketi 12, na nguo nyingine 12 na 12, talanta 10 za dhahabu, vyombo 2 vya miguu mitatu, masufuria 4, na kikombe alichopewa na watu wa Thrace. Talanta ni zilezile 10, na masufuria ni machache kuliko ya Agamemnon. Miji hakuna, farasi hakuna. Kwa bei ya soko, hii ni ofa ndogo zaidi.

Hecuba mkewe anamzuia asiende, anasema angekula ini la yule muuaji. Priam anaondoka usiku na mpiga mbiu mzee kama yeye na gari la nyumbu. Mungu Hermes anawasindikiza kwa sura ya kijana. Anaingia bila kuonekana, anamshika Achilles magoti, na anabusu mikono iliyomuulia wanawe wengi.

Halafu sikilizeni anavyoomba. Mkumbuke baba yako, Achilles, mzee kama mimi. Yeye angalau anasikia u hai. Mimi nilikuwa na wana 50, 19 wa tumbo moja, na aliyebaki wa kuulinda mji umemuua. Fidia anaitaja kwenye mstari mmoja tu: nimeleta mali isiyo na kifani. Ni maneno yaleyale ya Chryses, yule mzee wa kwanza. Kisha anarudi kwa baba: nimethubutu kufanya ambalo hakuna mwanadamu amelifanya, kuupeleka mdomo wangu kwenye mkono wa aliyemuua mwanangu.

Wanalia wote wawili. Priam analia Hector, Achilles analia baba yake, na mara Patroclus.

#14 Jembe la Kale

Zeus alishamwamuru arudishe maiti. Thetis aliletwa na ujumbe. Kwa hiyo hakuna muujiza wa moyo hapo, ni amri ya mkubwa.

#15 Nahodha Mstaafu

Amri ilikuwepo, na Achilles aliikubali kwa maneno makavu: alete fidia, achukue maiti. Angeishia hapo tungekuwa na biashara tu. Lakini Zeus hakumwamuru amwinue mzee kwa mkono. Hakumwamuru awaambie vijakazi waoshe maiti upande mwingine ili Priam asiione, asije akapandwa na uchungu, naye Achilles akapandwa na hasira akamuua. Hakumwamuru achukue nguo 3 kutoka kwenye fidia yenyewe ziwe sanda ya Hector, wala kumlaza kwenye machela kwa mikono yake mwenyewe. Hakumwamuru amshawishi mzee ale, kwa kumkumbusha Niobe aliyefiwa na watoto wote akakumbuka chakula. Na ya mwisho: Achilles ndiye anayeuliza, unahitaji siku ngapi za matanga? Priam anasema 9 za kulia, ya 10 kuzika, ya 11 kaburi, ya 12 tupigane kama hapana budi. Anapewa.

Na usidhani kawa malaika. Priam alipokataa kukaa, akitaka tu apokee mali na kumtoa Hector, Achilles alimkazia macho: usinichokoze mzee, nisije nikakuvunja na wewe. Dakika ileile ya huruma. Halafu anamwomba Patroclus aliyekufa asikasirike, maana fidia si haba, na fungu lake atampa.

Kwa hiyo mali ilihitajika, bila hiyo heshima ya upande wowote isingesimama. Lakini kilichofanya kazi ni kwamba safari hii mwenye dai alikuja mwenyewe, usiku, mpaka miguuni. Agamemnon hakuweza, na hatujaona popote akijaribu. Chryses aliweza, akakuta mtu asiyesikia.

#16 Mama Ntilie wa Fasihi

Hapo umenimaliza. Sasa vita yenyewe ilikuwepo au ni hadithi? Na sisi Waafrika tumo?

#17 Nahodha Mstaafu

Kwa kifupi. Mji upo: kilima cha Hisarlik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki. Heinrich Schliemann alianza kuchimba miaka ya 1870, na kwa haraka zake alipasua tabaka nyingi zilizokuwa juu ya alichokitafuta. Tabaka ziko nyingi, mji juu ya mji, na moja iliteketea karibu na 1180 kabla ya Kristo. Nyaraka za Wahiti zinataja Wilusa, ambayo wataalamu wengi wanaona ni Troy hiyohiyo. Kutoka hapo hadi Achilles na Briseis ni mbali sana, na utenzi ulitungwa karne kadhaa baadaye.

Waafrika tumo. Kitabu cha 1, Achilles anapomtaka Thetis aende kwa Zeus, Thetis anamwambia subiri: miungu wote wamekwenda kula karamu kwa Waethiopia kando ya Bahari Kuu, watarudi siku ya 12. Kitabu cha 23, Iris, mjumbe wa miungu, naye anakataa kukaa, anawahi hukohuko asikose fungu lake. Memnon, mfalme wa Waethiopia aliyekuja kuisaidia Troy, hayumo kwenye Iliad. Alikuwa kwenye utenzi mwingine ambao umepotea.

#18 Kijana wa Chuo

Nikitaka kusoma nianzie wapi? Nilijaribu mara ya kwanza nikakwama kwenye majina ya merikebu.

#19 Nahodha Mstaafu

Hiyo orodha iko kitabu cha 2, merikebu 1,186, imewakwamisha wengi. Iruke kwa sasa. Soma 1, kisha 6, 9, 16, 18, 22 na 24. Ukimaliza rudi kwenye 19 kwa ajili ya Briseis, na 21 kwa ajili ya Lycaon. Bi Shungi, ukiwa na nafasi fungua uzi wa Helen, kuna mengi ya kugombana pale.

#20 Bi Shungi

Nitaufungua Ijumaa. Na Jembe la Kale aje na hoja, si vyeo.